Mchanga wa mto wetu unapelekwa mjini, visima vinakauka: kijiji kianzie wapi?

Mlinda_Korongo

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Naomba ushauri wa watu wanaojua mambo ya maji, madini na sheria za vijiji. Kijiji kipo Wilaya ya Chamwino, jina naliacha kwa sasa maana jambo bado bichi. Kina mto wa mchanga, ule wa msimu: maji yanapita juu siku chache baada ya mvua kubwa, kisha yanazama. Kuanzia Mei hadi mvua za Novemba au Desemba watu na mifugo wanategemea visima vya kuchimba mchangani. Kisima kirefu cha mradi ni kimoja, maji yake yana chumvi, na pampu ikiharibika hukaa muda mrefu bila kutengenezwa.

Tangu ujenzi wa Dodoma ushike kasi baada ya Serikali kuhamia huku, matipa yanaingia mtoni kila siku. Yanachota kipande cha karibu kilomita moja, upana mita 20 hivi, na mahali pengine wamefika kwenye udongo wa mfinyanzi. Visima vilivyokuwa na maji hadi Oktoba sasa vinakauka Julai. Kingo zinamong'onyoka na mashamba yanaondoka nazo. Mwenye malori anaonyesha karatasi anayosema ni leseni. Tunaambiwa mchanga ni mali ya Serikali, kijiji hakina usemi. Na wapo vijana wa hapo hapo kijijini wanaoishi kwa kupakia, hawataki kusikia habari ya kusimamisha.

Ninachouliza: tuthibitishe vipi kwamba mchanga ndio umetukaushia visima? Kisheria kijiji kina nguvu gani? Na hao vijana tuwaweke wapi?

---

Pima_Maji

Mkuu, anzeni na vipimo kabla ya barua. Malalamiko yanayosema "maji yamepungua" yanajibiwa kwa sentensi moja: "mvua ndiyo imepungua." Dodoma tunapata milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, msimu mmoja, na mwaka mmoja haufanani na mwingine, kwa hiyo jibu hilo lina uzito mezani kwa afisa yeyote. Nyinyi mnatakiwa kuonyesha kwamba ghala lenyewe, yaani mchanga unaotunza maji, limevunjwa, hata mvua ikija haina pa kukaa.

Hesabu ni hii. Mchanga mkubwa wa mtoni ukijaa maji, karibu robo ya ujazo wake ni maji yanayoweza kuchotwa. Chukua kipande chenu: urefu mita 1,000, upana 20, kina cha wastani mita 1.5. Hizo ni mita za ujazo 30,000 za mchanga, na ndani yake mita za ujazo 7,500 za maji, yaani lita milioni 7.5. Kijiji cha watu 1,800 kwa lita 20 kila mmoja, pamoja na ng'ombe 600 kwa lita 30, kinatumia mita za ujazo 54 kwa siku. Ghala likijaa linawatosha siku 139 kwa hesabu ya karatasini. Toeni nusu, maana mengine yanavukizwa na mengine hayachoteki, mnabaki na miezi miwili na kitu. Wekeni idadi yenu halisi, mimi nimetoa mfano.

Sasa tipa. Lenye bodi ya mita za ujazo 10 likiondoka limejaa, limeondoa nafasi ya lita 2,500 za maji, sawa na madumu 125 ya lita 20. Tripu 20 kwa siku kwa siku 150 ni mita za ujazo 30,000: kipande chote kimekwisha kwa msimu mmoja wa kiangazi. Wenye malori watasema mafuriko yanarudisha mchanga. Ni kweli, yanarudisha kiasi, na hicho kiasi ndicho mnachopaswa kukipima. Ila mashimo yakiachwa wazi, mafuriko ya kwanza huyajaza matope laini kwanza, na matope hayo hayatoi maji hata yakiwa yamelowa.

Kuna hasara nyingine ambayo watu huisahau. Jua la kwetu huvukiza maji vikali yakiwa karibu na uso wa mchanga. Yakiwa chini ya sentimita 60 hivi, jua huyafikia kwa shida. Ukikwangua mita moja ya juu, hata kama hujagusa maji, umeyasogeza karibu na jua. Ndiyo maana visima hukauka mapema hata sehemu ambazo mchanga bado upo.

Vipimo vyenyewe havihitaji mtaalamu kila siku.

Kina cha mchanga: nondo ya milimita 16, urefu mita 3, ichongwe ncha, iwekwe alama kila sentimita 10. Ipigeni kwa nyundo katika mistari inayokatiza mto, mstari kila mita 50, na kila mstari pointi tano. Kwenye mchanga nondo inakwaruza. Kwenye mfinyanzi inashuka polepole na ikitoka ncha imeshika udongo. Kwenye mwamba inagonga na kurudi. Kosa la kawaida ni kuipiga yote kwa mkupuo ikanasa, hivyo izungusheni kwa spana ya bomba kila baada ya sentimita 50.

Sura ya mto: chagueni mistari mitatu, mmoja juu ya machimbo, mmoja katikati, mmoja chini. Kila upande wa mto, juu ya usawa wa mafuriko, simikeni kipande cha nondo kwenye zege kama alama ya kudumu. Vuteni kamba ya nailoni kati ya alama mbili, pimeni kutoka kwenye kamba hadi mchangani kila mita 2. Kwa upana wa mita 20 kamba hulegea katikati na kuwadanganya kwa sentimita kadhaa, basi tumieni mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule mpira angavu uliojazwa maji, kuhakikisha usawa. Mara ya kwanza mwishoni mwa Oktoba kabla ya mvua, mara ya pili Mei. Tofauti ya Oktoba na Mei ni mchanga uliorudishwa na mafuriko. Tofauti ya Mei na Oktoba inayofuata ni uliochukuliwa.

Usawa wa maji: bomba la PVC la inchi 2, mita 3. Mita moja ya chini ikatwe vijinafasi kwa msumeno wa chuma, ifungwe kitambaa kigumu kinachopitisha maji, kizibo chini na juu. Lizikeni kiangazi hadi mfinyanzi, karibu na ukingo, si katikati, la sivyo mafuriko yanalibeba. Moja ndani ya eneo la machimbo, jingine mita 300 au zaidi kuelekea juu ambako hapajachimbwa. Pimeni kila Jumatatu asubuhi, kabla ya watu kuchota. Mabomba mawili yakishuka sawa, tatizo ni mvua. La machimboni likishuka mapema kuliko la juu, jibu la "mvua imepungua" limekwisha nguvu.

Mvua pia ipimwe. Shule ya msingi iweke kipima mvua, kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, kama vituo vya hali ya hewa vinavyofanya.

Mwisho, daftari la matipa: tarehe, saa, namba ya gari, vipimo vya bodi, limepakia wapi. Anayeandika akae barabarani, asiingie machimboni. Madaftari yote yanakiliwe kila mwezi, nakala moja kwa mtendaji, moja shuleni, moja kwa kamati ya mazingira. Daftari moja likipotea siku mbili kabla ya kikao, mmepoteza mwaka mzima.

---

Sheria_Kijijini

Pima_Maji kamaliza upande wake. Kwa upande wa sheria, wanaosema "kijiji hakina usemi" wamechanganya mambo mawili.

Mchanga wa ujenzi ni madini ujenzi chini ya Sheria ya Madini ya 2010, na madini ni mali ya umma chini ya usimamizi wa Serikali. Kijiji hakiwezi kutoa leseni ya kuchimba mchanga, na sheria ndogo itakayosema "mchanga ni wa kijiji" itakufa siku ya kwanza mezani kwa mwanasheria wa halmashauri. Lakini leseni ya madini haimpi mtu ardhi ya juu wala haimruhusu kuharibu maji. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 95, inamkataza mwenye leseni kufanya kazi bila ridhaa ya maandishi ya mmiliki au mtumiaji halali katika maeneo kadhaa: ndani ya mita 200 kutoka nyumba inayokaliwa, ndani ya mita 50 kutoka shamba lililoandaliwa au lenye mazao, na ndani ya mita 100 kutoka josho, bwawa au maji yanayotumiwa na watu au mifugo. Visima vyenu vya mchangani ni maji yanayotumiwa na watu na mifugo. Chukueni majira ya nukta (namba za GPS) ya kila kisima kwa simu, mchore duara la mita 100 kuzunguka kila kimoja, muone kinachobaki kwenye kipande hicho cha kilomita moja. Mara nyingi hakibaki kitu. (Sheria zimechapishwa upya katika matoleo yaliyorekebishwa, kwa hiyo kabla ya kuandika namba ya kifungu kwenye barua, hakikisheni mnasoma toleo linalotumika sasa.)

Kuhusu hiyo karatasi: msibishane nayo barabarani. Leseni ndogo ya uchimbaji ina namba, jina la mwenye leseni, tarehe ya kuisha na majira ya nukta za pembe zake. Kwa madini ujenzi eneo lake halizidi hekta 5. Kipande chenu cha mita 1,000 kwa 20 ni hekta 2, kwa hiyo kinaweza kuingia chote, au leseni ikawa ya mahali pengine kabisa. Hilo la pili hutokea sana: leseni ni ya bonde moja, malori yako bonde jingine. Namba ikipatikana, iangalieni kwenye ramani ya leseni ya Tume ya Madini mtandaoni, au mwandikieni Afisa Madini Mkazi wa Dodoma kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Anatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ombeni vitu vitatu: nakala ya leseni, ramani yake, na Mpango wa Utunzaji wa Mazingira ambao mchimbaji mdogo anapaswa kuwa nao. Kama mpango huo hautaji visima vyenu, mmepata hoja. Kama haupo kabisa, mmepata hoja kubwa zaidi.

Upande wa mazingira, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani kuitetea. Kifungu cha 57 kinazuia ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto shughuli za kudumu au zile zinazoweza kuathiri uhifadhi wake. Hapa niwaonye mapema. Mita 60 hizo hazichagui mtu. Mkizitumia dhidi ya matipa, afisa atakayekuja atauliza pia kuhusu bustani za mchicha na nyanya zilizo ukingoni. Kubalianeni kwanza na wenye bustani, la sivyo watu wenu ndio watakaofyekewa mazao huku malori yakihamia mita 500 mbele. Kwa mtazamo wangu, hoja ya mita 100 za Sheria ya Madini inawalinda vizuri zaidi kuliko mita 60, kwa sababu inamgusa mchimbaji peke yake.

Jambo moja la kuthibitisha kabla ya yote: mna hati ya kijiji kilichosajiliwa? Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Chemba kuna vijiji, vyenye Halmashauri ya Kijiji, Mkutano Mkuu na uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287. Ukivuka mpaka ukaingia Jiji la Dodoma, hata pakiwa ni mashamba matupu, ni mtaa. Mtaa hautungi sheria ndogo, kazi hiyo ni ya halmashauri ya jiji. Watu wa pembezoni mwa jiji hupoteza miezi wakinakili sheria ndogo za jirani zao wa Chamwino bila kujua hazitawafaa.

---

Mlinda_Korongo

Asanteni sana wakuu, nimenakili yote. Kijiji kimesajiliwa, cheti kipo ofisini. Kamati ya mazingira ipo kwa majina, haikutani. Ngoma iko kwenye mkutano mkuu: safari iliyopita ajenda hii ilipoletwa wapakiaji walikuja wengi, wakapiga kelele, ikaahirishwa. Na ilikuwa saa 8 mchana, akina mama wengi walikuwa kwenye foleni ya maji.

---

Mwezeshaji_Vijijini

Ndugu Mlinda_Korongo, mkutano mkuu ni mahali pa kuamua. Ukiufanya kuwa mahali pa kuanzia mazungumzo, mwenye sauti kubwa anashinda. Tangulizeni vikao vidogo wiki mbili au tatu kabla, kila kundi peke yake: akina mama na wasichana wanaochota maji, wafugaji, wenye mashamba ya ukingoni, na wapakiaji. Cha akina mama kifanyikieni mtoni, saa wanazochota, hapo hapo wakisubiri kisima kijae. Waonyesheni kwa vijiti kisima kilikuwa wapi mwaka juzi, kina chake, na kilikauka mwezi gani. Ramani ya ardhini kwa vijiti na mawe inatosha, iigwe kwenye karatasi na kupigwa picha. Kumbukumbu zao ndizo zitakazojaza miaka ambayo daftari la Pima_Maji halikuwepo.

Wapakiaji msiwaite wahujumu. Wanalipwa kwa tripu, taslimu, jioni hiyo hiyo, na hakuna kazi nyingine ya kiangazi inayowalipa hivyo. Ukweli wa kuwaeleza ni kwamba nondo ikigonga mfinyanzi kazi yao imekwisha, malori yatahama na wao watabaki na mto usio na maji wala mchanga. Waingizeni kwenye upimaji. Vijana wanaoshika nondo wenyewe na kusoma sentimita 40 mahali walipopakia mita 2 hawahitaji kuhubiriwa.

Halafu leteni pendekezo lenye sura. Kufunga mto wote mara moja huwa hakudumu, watu wanachimba usiku. Kinachoshikika ni kugawa mto vipande. Kipande chenye visima na mita 100 kila upande: marufuku kabisa. Kipande cha juu na chini ya daraja au drifti (kivuko cha zege mtoni): marufuku, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, waarifiwe kwa barua, maana msingi ukifukuliwa barabara nzima inakatika. Kipande chenye mchanga mzito kisicho na visima: kinaweza kuruhusiwa kwa mwenye leseni halali na kwa ridhaa ya maandishi, kwa masharti yanayopimika. Masharti ninayoyaona yanafaa ni koleo tu bila ekskaveta, kukwangua kusizidi sentimita 50 kwa msimu, na kubaki angalau mita 1 ya mchanga juu ya mfinyanzi. Njia ya kuingilia iwe moja, mashimo yasawazishwe kabla ya Novemba, kazi iishie saa 12 jioni. Idadi ya tripu za mwaka isizidi mchanga uliorudishwa na mafuriko kwa vipimo vya Oktoba na Mei. Mwaka wa mvua haba, tripu ni chache, na mwaka ambao mafuriko hayakuja kabisa, hakuna tripu.

Muda wa mkutano: saa 3 asubuhi au saa 10 jioni, siku isiyo ya mnada. Tangazo libandikwe na lipigiwe mbiu kila kitongoji. Karatasi ya mahudhurio iwe na jina, kitongoji, jinsia na sahihi au dole gumba. Muhtasari uandikwe papo hapo na usomwe kabla watu hawajaondoka, kwa sababu muhtasari unaoandikwa baadaye ofisini huwa mfupi kuliko maneno yaliyosemwa. Mkitunga sheria ndogo, mkutano mkuu utoe maoni, Halmashauri ya Kijiji ipitishe, kisha iende kwa Kamati ya Maendeleo ya Kata na baraza la madiwani kuidhinishwa. Kabla ya idhini hiyo msimtoze mtu faini hata shilingi moja.

Na pesa. Mkikubali kipande cha kuchimbwa, fedha yoyote ya kijiji ipite kwenye mashine ya POS (ya kukusanyia mapato) na risiti itoke, kisha isomwe kwenye mkutano wa kila robo mwaka, safu ya mapato na safu ya matumizi. Bahasha ya "shukrani" kwa kiongozi mmoja ndiyo inayoua mapambano haya kuliko leseni zote.

---

Fundi_Mawe

Mbona njia rahisi ipo? Jengeni bwawa la mchanga. Ukuta wa mawe kukatiza mto, mchanga unajaa nyuma yake, maji yanakaa. Ugomvi umekwisha.

---

Pima_Maji

Fundi_Mawe, bwawa la mchanga ni kazi nzuri mahali pake, lakini hapa likitangulia litaliwa. Ukuta unakusanya mchanga safi mahali pamoja, karibu na barabara, na tipa litaufuata huo huo. Bila mipaka iliyokubaliwa mnakuwa mmewajengea machimbo.

Kwa atakayefika hatua hiyo baadaye: ukuta ukae juu ya mwamba usio na nyufa, si juu ya mfinyanzi wenye mchanga chini yake, la sivyo maji yanapita chini na ukuta unabaki pambo. Mabawa yaingie ndani ya kingo mita kadhaa, vinginevyo mafuriko yanazunguka pembeni na kufungua mto mpya shambani kwa mtu. Na mlango wa kupitishia mafuriko upandishwe kwa awamu, sentimita 30 hadi 50 kila msimu. Ukuta ukijengwa kimo chote mwaka mmoja, maji yanatulia nyuma yake na matope laini yanatuama pamoja na mchanga, ghala linajaa tope. Kibali kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde, na kuwapata wataalamu wao kwenye eneo kabla ya kuchimba msingi ni nafuu kuliko kubomoa.

Nimeona niongeze hili la mvua kwa sababu linahusu haki moja kwa moja. Visima vya Makutupora vinavyolisha mji wa Dodoma vina kumbukumbu za usawa wa maji za zaidi ya miaka 50, na zinaonyesha kwamba maji ya ardhini huku hayajazwi kila mwaka kwa kiasi sawa. Yanajazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa sana, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Hali ya hewa inavyobadilika, mvua zinakuja kwa vishindo na vipindi vya ukavu katikati. Kijiji chenye mchanga kinaweza kukamata kishindo kimoja na kukinywa miezi mitatu. Kijiji kilichochotewa mchanga kinaona maji yakipita saa sita, halafu basi. Mji una Makutupora, una mamlaka yake ya maji (DUWASA), na Serikali inautafutia mabwawa. Kijiji kina mchanga wake tu, na huo ndio unaoondoka kwenda kujengea mji.

---

Sheria_Kijijini

Mwezeshaji kataja TARURA, nami niongeze kosa moja ambalo vijiji vingi hufanya: kufukuza malori kwenye kipande chao na kuhesabu ushindi.

Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walifungua kesi mwaka 1988 dhidi ya halmashauri ya jiji kwa sababu ya dampo la taka lililokuwa linawaletea moshi na harufu. Ni kesi ya Joseph D. Kessy na wenzake, Mahakama Kuu. Walishinda. Halmashauri iliomba kuongezewa muda zaidi ya mara moja, na mwaka 1991 mahakama ilikataa kuongeza. Ni hukumu muhimu sana katika haki ya mazingira nchini, maana mahakama iliiunganisha na haki ya kuishi iliyo kwenye Ibara ya 14 ya Katiba. Lakini taka hazikutoweka. Zilihamishiwa kwa watu wengine, na mwaka huo huo wa 1991 wakazi wa Kunduchi Mtongani nao walilazimika kwenda Mahakama Kuu, kesi ya Festo Balegele na mamia ya wenzake, kupinga taka kumwagwa kwao. Nao walishinda.

Mto wenu una kijiji cha juu na kijiji cha chini. Mkiwafukuza peke yenu, malori yanapanda juu, na shimo la juu linakula mchanga ambao ungeshuka kwenu. Yakishuka chini, mtelemko wa mto unaongezeka na mmomonyoko unapanda kurudi kwenu hata kama hakuna koleo lililogusa kipande chenu. Kwa hiyo barua iwe ya vijiji vitatu, na chombo cha kudumu kiwe Jumuiya ya Watumia Maji ya mto huo, iliyosajiliwa na Bodi ya Bonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Jumuiya ikishasajiliwa inaweza kuomba vyanzo vitangazwe kuwa eneo lililohifadhiwa, viwekewe vigingi. Inachukua muda, lakini inadumu kuliko uongozi wa kijiji unaobadilika kila uchaguzi.

Barua yenyewe isizidi kurasa mbili. Aya ya kwanza: mahali, majira ya nukta, ukubwa wa eneo. Ya pili: vipimo, namba tu. Ya tatu: watu na mifugo wanaoathirika. Ya nne: mnachoomba, na kiwe kitu ambacho afisa anaweza kukifanya: ukaguzi wa eneo ndani ya siku 14, amri ya kusimamisha ndani ya mita 100 za visima, kusawazisha mashimo kwa gharama ya mchimbaji. Viambatisho: muhtasari wa mkutano mkuu, ramani, kurasa za daftari, picha zenye tarehe. Iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, Afisa Madini Mkazi, ofisi ya kanda ya NEMC (chombo cha Taifa cha usimamizi wa mazingira) na Bodi ya Bonde, siku moja, na kila nakala inayobaki kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri huo haijapelekwa.

Mkifika mahakamani dhidi ya halmashauri au wakala wa Serikali, kuna notisi ya siku 90 kwanza. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanawasaidia kuiandaa bila malipo. Na msizuie malori kwa mawe wala kutoboa matairi. Siku mtakayofanya hivyo, mchimbaji anakuwa mlalamikaji na nyinyi washtakiwa.

---

Mlinda_Korongo

Nimeelewa. Swali la mwisho: hiyo Bodi ya Bonde ni ipi? Mwingine anasema Morogoro, mwingine Iringa.

---

Pima_Maji

Inategemea maji yenu yanaelekea wapi, si wilaya. Chamwino imegawanyika. Mto ukishuka kuelekea Kinyasungwe, mko Bonde la Wami/Ruvu, makao makuu Morogoro. Ukielekea kusini hadi Mtera, ni Bonde la Rufiji, makao makuu Iringa. Wenzenu wa Bahi na Kondoa ambao mito yao inaingia Mto Bubu hadi kinamasi cha Bahi wako Bonde la Kati, makao makuu Singida. Fuateni mto kwenye picha za setilaiti za simu hadi unapokutana na mto mkubwa, muandike jina hilo kwenye barua. Ikipelekwa bonde lisilo lenu itarudishwa, au itakaa.

Nondo na mpira wa maji vitafuteni wiki hii. Mvua ikishapiga mara ya kwanza, kipimo cha Oktoba hakipatikani tena hadi mwakani.